Begi wakague, lakini simu yangu?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge na nguo za watoto, Kariakoo, na mwaka huu nimeshakwenda Guangzhou mara tatu. Safari ya mwisho, kwenye uwanja wa nchi ya watu nilikokuwa nabadilisha ndege, nilitolewa kwenye foleni nikaambiwa nivue mtandio palepale mbele ya wanaume. Kisha ofisa akataka niifungue simu. Akapekua picha mpaka za arusi ya mdogo wangu, zile za upande wa wanawake, na hakuniambia anatafuta nini. Nyumbani mume wangu anasema, “Kama huna cha kuficha unaogopa nini? Waache wakaze, ndege zisilipuliwe.” Mwanangu yuko chuo, Mlimani, anasema nimedhalilishwa na niwashtaki. Nani yuko sahihi? Na hapa kwetu uwanjani nikiambiwa nifungue simu, nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa yaliyokukuta. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, na nilipofika kwa mumeo na mwanao nikacheka peke yangu, maana wanachobishania wao kwenye meza ya chakula, majaji wa mataifa makubwa wanakibishania tangu 2001 na hawajamaliza.

Msimamo wangu nikupe mapema. Mumeo anaongelea begi, mwanao anaongelea simu, na kila mmoja kwa lake yuko sahihi. Shida ni kwamba siku hizi mambo haya mawili yanafanyika kwenye foleni moja, na watu wenye sare zinazokaribia kufanana, mpaka msafiri anaona ni jambo moja. Begi likishapita kwenye eksirei unalichukua, unavaa viatu, yamekwisha. Ukifika kwenye viti vya kusubiria, mkaguzi hakumbuki hata lilikuwa la rangi gani. Lakini picha zako zikinakiliwa, alama ya kidole ikihifadhiwa, au jina lako likiingizwa kwenye orodha fulani, ukaguzi huo unaendelea hata wakati umelala kwako. Ndiyo maana sheria haiwezi kuvipima kwa kipimo kimoja.

Tuanze na begi, ambapo sina maneno mengi ya kumpinga mzee. Vijana wengi hawajui kwamba tarehe 26 Februari 1982 ndege yetu wenyewe ya Air Tanzania, Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Mwanza kuja Dar es Salaam, ilitekwa angani. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikazungushwa Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia Stansted huko Uingereza, walikojisalimisha siku mbili baadaye. Na sisi tuliokuwa mjini tarehe 7 Agosti 1998 hatuhitaji kusimuliwa bomu la ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11 hapa kwetu na zaidi ya 200 Nairobi siku hiyohiyo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ilikuja baada ya hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia hofu ya usalama tumeletewa na wazungu, namkatalia.

Hata zile kero za mezani kila moja ina kisa chake. Viatu tunavua kwa sababu Desemba 2001 Richard Reid alipanda ndege ya Paris kwenda Miami akiwa na baruti kwenye soli. Chupa zilianza kupimwa kwa mililita 100 baada ya Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipovunja njama ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Mashine za kuona mwili mzima zilisambaa baada ya Krismasi ya 2009, na huyo wa Krismasi nitamrudia, maana ana somo ambalo mumeo hatalipenda.

Ngoja nikusimulie kitu nilichokiona mwenyewe Terminal 3. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja anakwenda Muscat kumwona mjukuu. Kwenye kikapu cha mkononi alikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa asali ya Tabora, mdomo umezungushiwa nailoni na kufungwa kwa raba. Binti wa ukaguzi akamwambia, “Bibi, hii haipiti.” Bibi akaifungua palepale, akachovya kidole, akalamba, akamnyooshea chupa: “Bomu gani tamu hivi? Onja.” Binti hakuonja, na hakumfokea pia. Alimwita mwenzake ashike nafasi yake, akamtafuta mhudumu wa shirika la ndege, chupa ikatiwa kwenye kiboksi, ikabandikwa lebo, ikashushwa kwenda kuungana na mizigo mikubwa. Foleni nzima tulinung'unika, na mimi nikiwamo. Nilipokaa nikafikiri: sheria haikulegezwa hata mililita moja, na bibi ameondoka na heshima yake. Kumbe inawezekana.

Kwenye begi, basi, wakaze. Sharti langu ni kwamba wakaze kwa wote. Mheshimiwa anayepitishwa pembeni akiwa na wapambe watatu na mabegi manne yasiyopita kwenye mashine anatia tundu kubwa kuliko chupa ya bibi. Na mfanyakazi wa uwanjani vilevile. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo iliyotoka Mogadishu ilitobolewa angani na bomu lililokuwa ndani ya kompyuta mpakato. Abiria aliyelilipua alikuwa amekaguliwa kama wengine. Kamera za uwanja zilionyesha watu wa palepale uwanjani wakimkabidhi hiyo kompyuta baadaye. Kwetu nako, 2013, shehena ya dawa za kulevya ilikamatwa Afrika Kusini baada ya kupita uwanja wa Dar es Salaam, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza hadharani kuwachukulia hatua wafanyakazi wa uwanjani. Kila ninapoona foleni ya abiria imeongezewa hatua nyingine, najiuliza kama mlango wa wafanyakazi nao umeongezewa.

Kuhusu mtandio. Mashine ikilia, au mkaguzi akiwa na shaka, ana haki ya kutaka kuona kilichopo chini yake. Hana haki ya kukuvua hadharani. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, tena kwa staha, na viwanja vingi duniani vina chumba cha pembeni kwa ajili hiyo. Kwa hiyo usiseme “sivui”, maana hapo wana haki ya kukunyima kupanda ndege na utabaki na tiketi yako. Sema, “Nitavua, naomba chumba na ofisa wa kike.” Liseme kabla hajakushika, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza bei ya doti. Mara nyingi linakubaliwa palepale, kwa sababu ofisa aliyefundishwa analijua.

Sasa utambulisho, ambao watu huuchanganya na usalama. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba inakuonyesha kwamba kuku ni mgeni. Haikuambii kama anadonoa mayai. Huyo kijana wa Krismasi ya 2009, Umar Farouk Abdulmutallab wa Nigeria, alipanda ndege ya Amsterdam kwenda Detroit kwa pasipoti yake halali, jina lake halisi, na viza ya Marekani isiyo na kasoro. Baba yake mzazi alikuwa amekwenda ubalozi wa Marekani Abuja mwezi mmoja kabla, akaeleza wasiwasi wake juu ya mwanawe. Taarifa zote zilikuwapo, hakuna aliyeziunganisha. Abiria wenzake ndio waliomdhibiti, baada ya baruti alizozificha kwenye nguo ya ndani kushindwa kulipuka sawasawa. Mtu akikuambia tungekuwa na vitambulisho zaidi tungekuwa salama zaidi, muulize kitambulisho gani kingemzuia huyu.

Sisemi utambulisho hauna kazi. Machi 2014 ndege ya Malaysia, MH370, ilipopotea, iligundulika kuwa abiria wawili walipanda kwa pasipoti za wizi, moja ya Austria na nyingine ya Italia, na zote mbili zilikuwa zimesharipotiwa kwenye kumbukumbu za Interpol. Hakuna aliyeziangalia. Vijana wale walikuwa wanatafuta maisha Ulaya tu, hawakuhusika na kupotea kwa ndege, lakini tundu lilionekana. Kwa hiyo kuuliza kama pasipoti hii ni ya kweli, kama imeibwa, na kama mwenye sura hii ndiye mwenyewe, ni maswali halali kabisa, na yanajibiwa kwa sekunde chache. Ndiyo maana tangu Januari 2018 tuna pasipoti za kielektroniki. Mimi naanza kukunja uso pale swali linapohama kutoka “wewe ndiye huyu?” kwenda “wewe ni mtu wa namna gani?”

Hilo la pili hujibiwa na orodha na kompyuta, na makosa yake hayana mlango wa kutokea. Rahinah Ibrahim, mama wa Kimalaysia aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa Stanford, alikamatwa uwanja wa San Francisco Januari 2005, akatiwa pingu akiwa mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Alipigania jina lake kwa karibu miaka tisa. Mwaka 2014 hukumu ikaeleza chanzo: mwaka 2004 ofisa mmoja wa FBI alikosea kutia alama kwenye visanduku vya fomu, jina la mama huyo likaingia kwenye orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege. Fomu, mdogo wangu! Na kwa miaka yote hiyo serikali ilikuwa ikidai kwamba hata kukiri kama yumo au hayumo kwenye orodha ni siri ya taifa. Seneta Edward Kennedy wa Marekani, mdogo wake Rais John Kennedy, naye alizuiwa mara kadhaa 2004 kwa sababu jina lake lilifanana na lililomo kwenye orodha. Huyo alikuwa Kennedy, ana simu ya waziri. Wewe wa Kariakoo utampigia nani?

Na sisi majina yetu yanatuponza zaidi. Tunaandika langu, la baba, la babu. Ofisi moja inaanza na la babu, nyingine inaacha la katikati, tiketi inataka “jina la ukoo” ambalo wengi wetu hatuna, na akina Mohamed Salum Ali wako kila mtaa kuanzia Tanga hadi Muscat. Mimi mwenyewe niliwahi kukalishwa saa mbili kwenye chumba kisicho na dirisha, ugenini, kwa sababu ya mtu tunayefanana majina mawili kati ya matatu. Waliponiachia hawakusema hata samahani, na ndege ilishaondoka. Tangu siku hiyo tiketi naandika kwa kunakili ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti, ile yenye vialama kama mishale, herufi kwa herufi. Fanya hivyo. Usimwachie kijana wa wakala aandike alivyosikia.

Kuhusu kamera za kutambua sura, niseme jambo moja tu kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za aina hiyo, na kwa nyingi kati yake ikakuta kwamba kosa la kudhani watu wawili tofauti ni mtu mmoja lilitokea zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki, na mara chache kuliko wote kwa watu wa Ulaya ya Mashariki. Programu hutofautiana, na zilizo bora zimepunguza sana kosa hilo. Lakini kabla ya uwanja wowote kufunga mashine hiyo, mtu aulize ilipimwa kwa nyuso za akina nani.

Tufike kwenye simu, ndilo ulilouliza hasa.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda nafsi yako, maisha yako binafsi, familia yako na mawasiliano yako. Haisemi hayaguswi kamwe. Inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Hayo maneno matatu, hali, namna na kiasi, ningependa mwanao ayakariri, kwa sababu ndani yake mna kesi nzima. Hali: kumetokea nini mpaka uhitaji simu yangu? Namna: unaipekua kwa idhini ya nani, mbele ya nani? Kiasi: unatafuta ujumbe mmoja au unatalii arusi ya mdogo wangu?

Mahakama ya Rufani ilishaliweka sawa jambo hili 1993, kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun. Kesi haikuhusu simu wala ndege. Watu walitaka kuishtaki Serikali, na sheria ya wakati ule ikawataka kwanza waombe kibali cha Serikali hiyohiyo. Mahakama ikasema sheria inayobana haki ya msingi kwa ajili ya maslahi ya umma itasimama kwa mambo mawili: isiwe ya kiholela, yaani iwe na kinga dhidi ya ofisa anayejiamulia tu, na isibane zaidi ya kinachohitajika kufikia lengo. Ninaiona hukumu hiyo kuwa kati ya hukumu bora kuwahi kutolewa nchini, na inashangaza jinsi isivyojulikana nje ya ofisi za mawakili.

Sasa uko uwanja wa Julius Nyerere, mtu wa sare anakuambia, “Fungua simu.” Cha kwanza, ujue ni nani. Mkaguzi wa usalama wa uwanja kazi yake ni vitu vya kuhatarisha ndege; anaweza kukuomba uiwashe simu aone ni simu kweli, basi. Ofisa Uhamiaji anahusika na pasipoti, viza na uhalali wako wa kutoka na kuingia. Forodha wanahusika na mizigo na kodi. Polisi, na watu wa mamlaka ya dawa za kulevya, ndio wenye madaraka mapana ya upekuzi, na hata wao wanahitaji sababu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, amri ya kupekua au kuchukua kifaa cha kielektroniki hutolewa na polisi msimamizi wa kituo au mwenye cheo kinacholingana naye, akiwa na sababu za msingi za kushuku. Haitolewi na yeyote aliyesimama karibu na mashine.

Kwa hiyo uliza, kwa adabu: “Samahani afande, uko idara gani, na unatafuta nini?” Nimeona swali hilo likimaliza jambo, kwa sababu mara nyingine kinachotafutwa ni kukutisha tu. Lisipomaliza, usigombane wala usinyang'anyane simu. Sema mara moja, wasikie waliopo, kwamba huridhii lakini huzuii. Wakiichukua, dai hati ya ukamataji mali yenye sahihi yako, ya ofisa na ya shahidi. Karatasi hiyo ndiyo wakili wako ataanzia. Kesi ngapi za unga zimebishaniwa mahakamani kwa ajili ya karatasi hiyo tu!

Huko nje sheria ni za wenyewe, na hapa mwanao atanikasirikia. Uingereza, kwa mfano, sheria yao ya ugaidi ya 2000 inamruhusu ofisa wa mpakani kukuhoji hadi saa 6 bila hata kukushuku, na kukataa kumpa neno la siri la simu ni kosa. Mgeni asiyetaka kufungua simu nchi nyingine hurudishwa alikotoka, na China yenyewe huchukua alama za vidole za wageni wengi wanaoingia. Kushtaki uwanja wa kigeni kwa pesa za Kariakoo ni kumtajirisha wakili. Nafuu yako iko kabla ya safari: nunua simu ya kazi, tena ya bei nafuu, yenye namba za wauzaji, risiti na ramani. Picha za upande wa wanawake zibaki nyumbani. Ile nyingine ukilazimika kuibeba, izime kabisa kabla ya kufika kwenye foleni.

Mumeo nimjibu sasa. “Kama huna cha kuficha.” Mzee wangu, wale wanawake wa arusini hawakuwa na cha kuficha pia. Walikuwa na stara, kitu ambacho wewe mwenyewe ungekipigania kama mtu angechungulia dirisha la nyumba yako. Na hawakuulizwa. Simu ya mkeo ina watu labda 300 ndani yake ambao hawakupanda ndege yoyote.

Kisha kuna kile kisichoonekana. Ukikata tiketi, shirika linahifadhi jina, simu, jinsi ulivyolipa, uliyesafiri naye, kiti, hata ukiomba chakula cha halali. Azimio 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2017, linazitaka nchi zote zikusanye na kuchambua taarifa hizo za abiria pamoja na alama za mwili kama vidole na sura, na papo hapo linazitaka ziheshimu haki za binadamu. Nusu ya kwanza ndiyo inayotekelezwa haraka. Ulaya walipanga kuzihifadhi miaka 5, lakini tarehe 21 Juni 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema abiria asiye na dalili yoyote ya hatari, taarifa zake zisipite miezi 6. Huo ndio urari ninaouelewa mimi: kusanya unachohitaji, ukikosa kitu, futa. Wakenya nao wana funzo lao: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi iliona kadi za utambulisho za Huduma Namba zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu haikufanyika kwanza tathmini ya athari zake kwa faragha.

Kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inakupa haki ya kuuliza ni taarifa gani zako zinahifadhiwa na kutaka zisahihishwe. Ina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, mipana kuliko ningependa, na Mei 2024 Mahakama Kuu ilishaona baadhi ya vifungu vyake havieleweki vya kutosha, ikaipa Serikali muda wa kuvirekebisha. Si ukuta imara, lakini kabla yake hatukuwa na hata uzio wa makuti.

Nami nitakiri kwamba tunalaumu viwanja wakati nyumbani hatujali. Ingia jengo lolote la ofisi mjini. Mlinzi anakusukumia kauntabuku iliyofungiwa kalamu kwa uzi: jina, simu, unakwenda kwa nani, namba ya NIDA. Unaandika tarakimu zako 20, ambazo nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, chini ya za wenzio 15 wa asubuhi hiyo, na anayekuja nyuma yako anazisoma zote huku akikusubiri umalize. Namba hizo ndizo tulizosajilia laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020. Kauntabuku likijaa linakwenda wapi? Niliwahi kumuuliza mlinzi mmoja. Akasema wanafungia karanga.

Kuhusu malalamiko yako, andika wiki hii, kabla hujasahau. Tarehe, saa, namba ya ndege, ulikuwa foleni gani, ofisa alikuwa wa kike au wa kiume, maneno aliyosema, na kwamba hukupewa chumba ulichostahili. Ambatanisha nakala ya kadi ya kupandia ndege. Moja ipeleke kwa mamlaka ya uwanja ule, nyingine kwa shirika lililokuuzia tiketi. Usidai fidia, dai maelezo ya maandishi, na uliza kama kuna chochote kilichonakiliwa kutoka kwenye simu. Mwanao akuandikie kwa Kiingereza, apunguzie hasira zake humo. Ikitokea kwetu, au ugomvi ukiwa na shirika la ndege linalotoa huduma hapa, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga na baraza lake la watumiaji wa huduma. Na kama ni taarifa zako zimetumiwa vibaya, nenda kwenye Tume.

Jambo moja hukuuliza, ila najua mzigo wa Guangzhou haununuliwi kwa maneno matupu. Ukibeba taslimu inayofikia dola 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa fedha nyingine, sheria inakutaka utamke mwenyewe kwa Forodha unapotoka na unapoingia. Kubeba si kosa. Kosa ni kunyamaza. Jaza fomu kabla hujafika kwenye mashine, na nakala yake iweke pamoja na pasipoti, siyo ndani ya lile begi kubwa.